Jibu kwa mwenye Probox wa Kisumu: kabla ya kununua 504, mtafute fundi wake

Ndugu wa Kisumu, umesema una Probox ya kazi, umeweka kando laki tatu, na moyo unakutuma utafute gari la zamani la kukarabati pole pole wikendi. Hujui uchukue Peugeot 504, Corolla DX au pikapu ya Datsun 1200. Wengi wamekujibu kwa picha za magari yao yakiwa yameoshwa. Mimi nina 504 stesheni wagoni hapa Nakuru tangu 2019, na naona umeruka swali moja: fundi wake yuko wapi, na ana umri gani?

Yangu niliikuta Njoro, nyuma ya ghala la mahindi. Matairi yote manne yamelala, nyasi zimeota hadi kwenye bampa, na kwenye kiti cha tatu kulikuwa na kuku anaatamia. Mama mwenye boma akaniomba ningoje huyo kuku aangue kwanza. Nikangoja. Hilo lilikuwa jambo jepesi. Logibuku, hati ya umiliki wa gari, ilikuwa bado kwa jina la marehemu mumewe, kwa hiyo mirathi ikabidi ishughulikiwe kabla ya lolote, na hiyo ilikula miezi minane. Kuna waliokuwa wakinishauri nilipe tu nivute gari, karatasi zitafuata. Usithubutu. Gari la zamani lisilo na karatasi ni chuma cha mizani, hata kama injini inaimba. Mwisho tukaelewana elfu tisini.

Kwa nini stesheni na si saluni, ile ya kawaida yenye buti lililojitenga? Wengi hudhani ni saluni iliyoongezewa buti. Sivyo. Kati ya gurudumu la mbele na la nyuma stesheni ina mita 2.90, saluni ina 2.74. Nyuma imewekewa ekseli nzima iliyokalia springi nne, mbili kila upande. Ndiyo maana zamani zikiwa matatu za safari ndefu, kuja Nakuru na kuendelea mpaka huko kwenu, zilijazwa watu, magunia na kuku na bado hazikuburuta makalio. Zetu ziliunganishwa Mombasa, na Nigeria wakaziunganisha Kaduna miaka mingi, kwa hiyo spea hazijakauka kabisa. Gasketi ya hedi, yaani ya kile kifuniko kikubwa cha juu ya injini, niliipata Kirinyaga Road, Nairobi, siku hiyo hiyo. Taa za mbele zenye pembe zile ndizo zilinitoa jasho mwaka mzima.

Sasa nikueleze kosa langu, maana ndilo lililonifundisha habari ya fundi.

Hedi ilikuwa inavuja. Nikaipeleka gereji moja karibu na nyumbani, vijana wazuri tu, Toyota wanaifungua macho yamefumbwa. Wakaitoa hedi, kisha mmoja akashika krenki, ule mhimili wa chini unaopandisha na kushusha pistoni, akaizungusha ili pistoni zipande azikwangue masizi. Kwenye Toyota hakuna neno. Lakini injini ya 504 ya petroli ina slivu za maji: silinda hazikuchongwa ndani ya bloku, yaani mwili wa injini, ni mikebe ya chuma iliyosimamishwa humo, maji yanaizunguka, na kinachoishikilia isicheze ni hedi inayoibana kutoka juu. Ukishatoa hedi ukazungusha krenki, pistoni inapanda na slivu yake, na sili ya chini inaachia. Hakuna aliyeona kitu. Hedi ikarudishwa, gari likawaka, tukapeana mikono. Siku ya tatu nikachomoa kijiti cha oili nikakuta rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia kwenye oili.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja upande wa Bondeni, aliyekuwa akitengeneza hizo Peugeot za matatu enzi zile. Alifungua kifuniko cha oili, akachovya kidole, akakitazama, akaniuliza swali moja tu: "Kijana, nani aliizungusha?"

Aliifungua upya. Akatoa slivu zote nne, akasugua zinapokalia mpaka chuma kikang'aa, akatia sili mpya. Kisha akachukua vipande vya paipu, washa pana na boliti ndefu, akazibana slivu kwenye bloku kwa zile tundu za boliti za hedi, na tangu hapo hata akizungusha hazikusogea. Akalaza rula ya chuma juu yake na kupitisha vile vijembe vyembamba vya kupimia nafasi. "Slivu lazima ichomoze juu ya bloku, unywele tu. Ikilingana na bloku, hedi haibani kitu." Kazi ya siku tatu. Nilikaa kwenye ndoo nikitazama, na sikuona hata mara moja akifungua kitabu. Nikamwuliza kama kuna kijana anayemfundisha. Akasema wapo waliokuja, wakaondoka kwenda kwa magari ya kompyuta.

Kwa hiyo ukiniuliza 504 ni gari zuri kiasi gani, nakujibu: ni zuri kwa kadiri mtu kama huyo yuko ndani ya mwendo wa saa moja kutoka kwako.

Kingine ambacho hutaambiwa na muuzaji ni feni. Ya 504 haizunguki muda wote. Ina sumaku ya umeme, maji yakipata moto inashika, yakipoa inaachia. Kile kipande cha kaboni kinachoipelekea umeme kikiisha, feni inalala na wewe hujui, kwa sababu kwenye barabara tambarare upepo unatosha. Mimi nilijulia Sachangwan, napanda kwenda Mau Summit nyuma ya trela, mshale wa joto umeegemea wekundu. Nikaegesha, nikampigia mzee. Akaniambia nitafute boliti tatu ndogo kwenye uso wa feni, nizikaze sawasawa mpaka ishikane na puli. Injini ilipopoa nikafanya hivyo, ikazunguka moja kwa moja kama ya trekta mpaka Londiani na kurudi. Tangu hapo spana ile inakaa kwenye dashibodi.

Na ukirekebishiwa kabureta, kile kinachochanganya petroli na hewa, huko Kisumu, usishangae gari likipungua nguvu ukija huku. Ninyi mko kwenye mita 1,100 na kitu, sisi 1,800 na ushee. Hewa inakuwa nyepesi, petroli inazidi, unatoa plagi unazikuta nyeusi tititi. Si ugonjwa. Punguza petroli kidogo na urudishe ukishuka.

Kuhusu DX sina maneno mengi. Spea utapata, mafundi wamejaa, lakini nyingi zimeshakatwakatwa kwa mashindano na kuwekewa injini nyingine, kwa hiyo linganisha namba ya injini na iliyo kwenye logibuku kabla hujatoa hata nauli. Datsun 1200 ningeichukua kesho kama ningekuwa na shamba.

Kuna aliyekuandikia kwamba 504 ni gari la ubingwa, ilishinda Safari Rally 1975 na 1978. Ni kweli. Ila ile ya 1978 ilikuwa kupe, yaani ya milango miwili, yenye injini ya V6, ya silinda sita, na uhusiano wake na yangu ya Njoro ni wa jina la ukoo. Usilipie historia hiyo. Tangu mashindano ya dunia ya rali yarudi Kenya 2021, huko Naivasha, kila yakikaribia nawasikia wenye vyuma chakavu wakipandisha bei.

Pesa: usitumie laki tatu zote kununua. Mimi baada ya zile elfu tisini nimeshaweka zaidi ya laki nne, na rangi bado sijapiga. Nilianza na breki, nikaja kwenye maji, nikafuata nyaya, ambazo panya walizimaliza. Rangi itangoja. Mke wangu huliita gari hilo "mke mwenza", na Jumapili akitaka kwenda kwa mama yake Molo ndilo analolichagua, Probox yetu inabaki nyumbani.

Umesema kuna 504 umeiona Ahero. Kabla hujaenda na pesa, inua kapeti ya mbele, pande zote mbili, na ufungue pale tairi la akiba linapokaa, upige picha za chuma chenyewe, kutu ionekane kama ipo. Zilete Nakuru Jumamosi asubuhi nikupeleke kwa mzee azitazame. Njoo mapema, saa saba yeye hufunga aende kwa ng'ombe wake.