Ukiitwa kwenye kamati ya wauguzi ya jimbo, anza na dodoso

Siku nilipopata barua ya kuteuliwa kwenye kamati ya ushauri ya jimbo la Texas kuhusu nguvukazi ya wauguzi, nilimpigia mama simu Nakuru. Akauliza swali moja tu: "Na watakulipa?" Nikamwambia hapana, ni kujitolea. "Basi hiyo ni kamati ya harambee." Hakukosea sana, ila huku hakuna hata soda.

Naandika haya kwa sababu tuko wengi, Wakenya na Watanzania, kwenye wodi na nyumba za wazee za Texas, na siku moja mmoja wenu ataitwa.

Kwanza ujue kamati haina meno. Haiajiri mtu, haipandishi mshahara, wala haiwezi kuiambia hospitali impunguzie muuguzi wagonjwa. California waliandika idadi kwenye sheria yao: wodi ya kawaida wagonjwa wasiozidi watano kwa muuguzi mmoja, chumba cha mahututi wawili. Texas ilikwenda njia nyingine. Sheria ya 2009 inaitaka kila hospitali iwe na kamati yake ya kupanga zamu, na angalau asilimia 60 ya wapiga kura wawe wauguzi ambao nusu ya kazi yao au zaidi wako na wagonjwa. Kamati ya jimbo ni kitu tofauti, usije ukazichanganya kama nilivyozichanganya mimi kwenye fomu ya maombi.

Kilichopo mbele yako ni takwimu. Tangu sheria ya 2003, jimbo lina kitengo cha kuhesabu wauguzi, na sehemu ya pesa zake hutoka kwenye dola chache anazoongezewa kila muuguzi anapolipia leseni. Kwa hiyo umeshachangia. Kamati hushauri nini kiulizwe, aulizwe nani na lini. Nguvu yote iko hapo, kwenye dodoso, na wajumbe wengi hulipitisha huku wakitazama saa.

Chukua kiwango cha nafasi zilizo wazi, kile kinachopenda kunukuliwa magazetini. Wodi ina nafasi 20, tano hazina mtu: asilimia 25, aibu tupu. Meneja anafuta nafasi nne kwenye bajeti. Sasa nafasi ni 16, iliyo wazi moja, yaani kama asilimia 6. Pongezi! Lakini wauguzi ni wale wale 15, na usiku wanakimbia vile vile. Kwa hiyo kila ukionyeshwa kiwango kimeshuka, uliza nafasi zilizoidhinishwa zilikuwa ngapi mwaka uliopita. Uliza kwa upole, lakini usiache kuuliza.

Leseni nazo hudanganya ukizitumia kuhesabu wauguzi walio kazini. Kuna aliyestaafu anayelipia ya kwake kwa mapenzi tu, kuna anayefanya zamu moja kwa wiki, na kuna aliyehamia jimbo jingine. Halafu kuna mkataba wa majimbo kutambuliana leseni: mwenye leseni ya Arkansas anavuka barabara tu pale Texarkana, mji uliokatwa na mpaka wa majimbo hayo mawili, anahudumu upande wa Texas, na kwenye orodha ya leseni za Texas hayumo.

Kikao cha kwanza nilihutubia dakika kumi kuhusu usiku wangu mmoja na wagonjwa wanane. Nilishukuriwa, ajenda ikaendelea. Kikao cha pili niliuliza kitu kimoja: muuguzi akiacha wodi ya usiku na kuhamia kliniki ya mchana ya hospitali hiyo hiyo, tunamhesabu ameondoka au yupo? Tulikaa na swali hilo mpaka mapumziko. Usiku wako ulete, lakini ulete kama swali.

Kosa langu kubwa lilikuwa la kikwetu. Nilipendekeza tufungue kundi la WhatsApp. Katibu alinivuta pembeni upesi: tunafuata kanuni za mikutano ya wazi, na wajumbe wakifika akidi wakaanza kujadili kazi ya kamati kwenye simu, huo ni mkutano uliofanyika kwa siri. Hata barua pepe usibonyeze "jibu wote". Sisi tuliolelewa na vyama vya kuchangiana tunapata tabu hapo.

Kuhusu ratiba: Bunge la Texas hukutana Januari ya miaka isiyogawanyika kwa mbili, kwa siku 140. Ripoti nzuri ikitoka Aprili ya mwaka huo, utakuwa umeiandikia kabati.

Na itafika zamu ya wazo la kuleta wauguzi kutoka nje. Macho yote yatakugeukia. Mimi niligeukiwa wakati tunazungumzia shule za uuguzi zinazowakataa waombaji wenye sifa kwa kukosa walimu, kwa kuwa mwalimu anatakiwa kuwa na shahada ya uzamili halafu analipwa chini ya aliye wodini. Mtu akasema, basi tuagize. Sikutaka kuwa msemaji wa Afrika nzima, na ningekataaje, nami niliingia kwa mlango huo huo? Nilisema tu kwamba Shirika la Afya Duniani lilikadiria upungufu wa wauguzi milioni 5.9 duniani kwa mwaka 2018, karibu wote kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba muuguzi anayehesabiwa ameingia Dallas kuna wodi mahali alikohesabiwa ametoka.

Kumbukumbu za kikao ziliandika: "Mjumbe alitoa maoni kuhusu ajira ya kimataifa." Basi. Siku hizi nikitaka neno langu liingie, naliandika mwenyewe kwa sentensi mbili na kumkabidhi katibu kabla hatujafunga.