Maswali ya Wasomaji: Je, Gego Aliupoteza Usanifu Majengo?

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo, na moyo wangu umeelekea zaidi kwenye sanaa, lakini wazee wangu wanasema nikiifuata nitakuwa nimeitupa elimu yangu. Nimesikia kuwa Gego, msanii mzaliwa wa Ujerumani, naye alianzia kwenye fani hii. Naomba unieleze habari zake, na kama masomo yale yalimfaa. Msomaji wako, Chake Chake, Pemba.

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Gego ni Gertrud Goldschmidt, aliyezaliwa Hamburg mwaka 1912 katika familia ya Kiyahudi. Alisomea usanifu majengo na uhandisi mjini Stuttgart, akahitimu mwaka 1938, wakati Wayahudi wa Ujerumani walikuwa wamekwishafungiwa karibu kila njia ya riziki, na mwaka uliofuata akahamia Caracas, Venezuela. Huko aliendesha karakana ya samani na taa, akafanya pia kazi za usanifu. Sanaa aliishika kwa dhati akiwa amekwishapita umri wa miaka 40, na hili ningependa wazee wako walisikie.

Elimu yake haikupotea hata chembe. Itazame kazi yake iitwayo Reticulárea, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1969 katika Museo de Bellas Artes, jumba la makumbusho ya sanaa mjini Caracas. Alikata nyaya za chuma, akazipinda ncha na kuzipachika moja kwa nyengine, hata ukatokea wavu wa pembetatu ulioning'inia kutoka darini na kuenea chumba kizima, mtazamaji akawa anaingia ndani yake badala ya kusimama mbele yake. Darasani umefundishwa kuwa pembetatu ndiyo umbo lisilopindika. Gego alilijua hilo vizuri, lakini maungio aliyaacha yacheze, ili wavu ubonyee hapa na kutuna pale. Aliyewahi kutazama dema likisukwa atafahamu jinsi tundu linavyozaa tundu na nguvu ikakaa kwenye maungio. Kwa maoni yangu, ujasiri wa kulegeza kiungo bila kazi nzima kuporomoka ni wa mtu aliyesomea jinsi mzigo unavyobebwa.

Kuanzia mwaka 1976 alitengeneza pia "michoro bila karatasi": vipande vidogo vya waya na mabaki ya chuma, vilivyotundikwa mbali kidogo na ukuta ili kivuli nacho kiwe sehemu ya mchoro. Kazi zake hakupenda ziitwe sanamu, kwani kwake sanamu ilikuwa kitu kizito kilichojaa, ilhali yeye alishughulika na mstari na nafasi iliyo wazi. Isitoshe, kwa miaka mingi alifundisha wanafunzi wa usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Kati cha Venezuela (Universidad Central de Venezuela). Alifariki Caracas mwaka 1994.

Kwa hiyo nakushauri umalize masomo yako, na wakati huohuo uchukue mchoro mmoja wa darasani, uujenge kwa waya mwembamba, upate kuona ni kiungo kipi kinachobeba na kipi kinachoelemewa.