Maswali ya Wasomaji: Mwanangu anataka kuhama na boksi

SWALI: Habari za kazi. Binti yangu ana miaka 8 na amekolea vile vitabu vya zamani vya watoto wanaotoka kwao wakaenda nchi za maajabu. Juzi kachukua boksi kubwa kalifanya meli, kaingia na mto wangu wa kulalia akaniambia mama nahama kwaheri. Nilicheka ila iliniuma manake siku hizi tunagombana sana. Hivi vitabu havimfundishi kupachukia nyumbani? Na kwanini lazima mtoto aondoke? – Mama wa binti mmoja

JIBU: Mama pole, ila kuna kitu umekiandika ukakipita haraka. Kachukua mto wako, sio wake. Huyo hajahama.

Kuhusu kwanini lazima aondoke, sababu moja ni nyepesi tu, mzazi akiwepo ndo atakayetatua kila kitu na hadithi itaisha ukurasa wa pili. Lakini kuna zaidi ya hapo. Chukua kile kitabu cha Maurice Sendak cha mwaka 1963, Where the Wild Things Are, mtoto mmoja anaitwa Max anafanya fujo, anamwambia mama yake atamla, anapelekwa kulala bila chakula. Sasa msitu unaota humohumo chumbani, angalia picha vizuri utaona hata nguzo za kitanda zinageuka miti, yani ile nchi ya mbali imetengenezwa na kitanda chake mwenyewe kama binti yako alivyotengeneza meli na boksi. Anakuwa mfalme wa madude ya kutisha, alafu upweke unamshika anarudi, anakuta chakula chake kinamsubiri. Mama hatumwoni kwenye picha hata moja! Ila ukurasa wa mwisho hauna picha kabisa, una maneno machache tu kwamba chakula kilikuwa bado cha moto, na mimi kila nikifika hapo nanyamaza kidogo, manake mtoto kaambiwa kwamba hasira zake zote hazijamfukuzisha.

Kwa Peter Pan, yule mvulana wa hadithini anayeruka angani kama ndege, ni kinyume, na nadhani ndo maana inauma. Yeye aliruka akaenda zake akiamini mama ataliacha dirisha wazi siku zote, aliporudi akakuta limefungwa na mtoto mwingine amelala kwenye kitanda chake. Basi huyo anaruka na kupigana na maharamia na hakui, lakini hana pa kurudi.

Sasa wewe unaogopa kwamba akishaonja maajabu, nyumbani patamchosha. Hapo mi nakuomba umsomee sura ya tano ya The Wind in the Willows ya Kenneth Grahame, ya mwaka 1908. Fuko alishaacha shimo lake kitambo akahamia mtoni kwa rafiki yake Panya, maisha mazuri. Usiku mmoja wa baridi wanapita njiani, ghafla harufu ya kwao inamkamata, anataka kusimama, Panya yuko mbele hamsikii, anajikaza anamfuata ila mwishowe anashindwa analia kwa kwikwi. Panya akishaelewa anarudi nae gizani mpaka wanalipata lile shimo. Ni kajumba ka vumbi, Fuko anaona aibu, lakini Panya anasifia kila kona. Alafu akiwa kitandani Fuko anaona wazi kwamba pale ni padogo na pa kawaida, anaona pia pana maana gani kwake, na bado hataki kuyaacha yale maisha mapya ya juu kwenye jua. Anavitaka vyote viwili, na mwandishi hamlazimishi kuchagua! Sijaona mahali pengine jambo hili limesemwa kwa upole hivyo.

Kwahiyo hapana, vitabu usivitoe. Ila hiyo ya kugombana usiitwishe vitabu, hiyo ni yenu wawili na inatafutiwa muda wake, mkiwa mmetulia. Na boksi nalo usilitupe hata kama linajaza chumba. Akikuaga tena muulize anakwenda wapi na huko kukoje, msikilize mpaka amalize, atakwambia mengi ambayo ukimuuliza mezani hayasemi. Alafu mwambie chakula ni saa ngapi.