Mtaji wa mirathi, daftari la hesabu na kauli ya "tawakali tu"

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mjane, nipo Tanga, nimemaliza eda. Mume wangu ameniachia watoto wawili, wa kiume miaka tisa na wa kike miaka sita. Wazazi wake walishatangulia. Baada ya kulipa madeni yake zimebaki shilingi 2,400,000. Nataka kufungua duka dogo la mchele na maharage, basi nikakaa na daftari nikapiga hesabu ya kodi ya fremu, mzigo na akiba. Ustadhi wa darsa yetu akaniambia hayo ni kutomtegemea Allah, kwani hakuna ajuaye atachuma nini kesho. Ninunue mzigo kwa pesa zote, nisome dua, nitawakali. Shemeji yangu anayefuata mchele Kyela yuko tayari kuniletea nikimtangulizia pesa, ila anasema ndugu hawaandikiani. Moyo haujatulia. Je, nimekosea?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah amrehemu mumeo na akupe subira. Hukukosea, mama. Daftari lako usilitupe.

Kauli uliyoambiwa imezoeleka katika darsa zetu, na inanisikitisha kwa sababu hasara yake haimpati anayeitamka. Humpata mjane kama wewe, asiye na mtaji wa pili.

Maneno ya ustadhi wako, kwamba hakuna ajuaye atachuma nini kesho, yametoka katika aya ya mwisho ya Suratu Luqman (31:34). Inachokanusha ni mwanadamu kuijua kesho. Kujiandaa nayo haikukukataza. Katika Suratul Kahf (18:23-24) Mola alimfundisha Mtume wake asiseme "nitafanya jambo hili kesho" ila aliambatanishe na utashi wa Allah. Tazama: la kesho halikufutwa, limeongezewa insha'Allah.

Na Nabii Yusuf (a.s.) alifanya nini? Alijulishwa na Mola wake kuwa inakuja miaka saba ya neema na saba ya shida. Kama kuna mtu aliyestahiki kukaa akangoja, ni yeye. Lakini aliwaamuru walime kwa bidii, nafaka waiache katika mashuke yake, wale kidogo tu (12:47). Yaani hata namna ya kuihifadhi aliipanga. Wewe muuza mchele na maharage una mengi ya kujifunza katika aya hiyo kuliko mtu yeyote.

Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila masurufu, wakisema, "Sisi ni wenye kutawakali," kisha wakifika Makka huombaomba watu. Ndipo ikateremka: "Na chukueni masurufu" (2:197). Hao walitumia neno lilelile la ustadhi wako, na Qur'ani ikawarekebisha. Baada ya aya hii sioni anayefundisha umma anabakiwa na hoja gani.

Watasema: na ile hadithi ya ndege? Naam, ni hadithi ya Umar aliyoipokea Tirmidhi: lau mngemtegemea Allah kikweli angewaruzuku kama anavyowaruzuku ndege. Ila imalizwe: hutoka asubuhi matumbo matupu, hurudi jioni wameshiba. Wametoka! Na Mtume (s.a.w.), mbora wa wenye kutawakali, aliwawekea ahali zake chakula cha mwaka mzima, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Hakuna muumini atakayesema ile akiba ilikuwa udhaifu wa imani.

Lakini kuna jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo zito zaidi. Pesa hizo si zako zote. Mke mwenye watoto hupata thumni, sehemu moja ya nane (4:12), yaani shilingi 300,000. Zilizobaki, 2,100,000, ni za watoto: mvulana mafungu mawili, 1,400,000, na msichana fungu moja, 700,000. Nao kisheria ni mayatima ingawa mama yao u hai, kwa kuwa wamefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Allah amekataza kuikaribia mali ya yatima isipokuwa kwa njia iliyo bora kabisa (6:152). Kuifanyia biashara kunaruhusiwa, Imamu Malik amepokea kutoka kwa Umar (r.a.): "Fanyeni biashara kwa mali za mayatima, zisije zikaliwa na zaka." Ila msimamizi wake ana amana mkononi: ikipotea bila uzembe wake halipi, ikipotea kwa uzembe analipa. Kwa hiyo hesabu zako si jambo la kuombewa radhi. Kwako ni wajibu, na aliyekushauri utie pesa zote kwenye mzigo mmoja kwa kufumba macho amekushauri uhatarishe haki ya watoto wawili.

Kula kwa wastani kutokana na usimamizi wako kunajuzu ikiwa huna kitu (4:6), na matumizi ya watoto wenyewe hutoka katika fungu lao. Andika kila unachotoa, ili siku ya kuwakabidhi mali yao uwe na la kuonyesha mbele ya mashahidi.

Shemeji yako namheshimu, ila alilosema ni kosa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani (2:282) inaamrisha kuandika deni, na haikuwatoa ndugu. Kisha mbainishe mnafanya nini. Kama anakuuzia mchele na wewe unatanguliza pesa, hiyo ni salam, na Mtume (s.a.w.) ameishurutisha kipimo kijulikane na muda ujulikane: aina gani, kilo ngapi, utafika lini. Kama anakununulia kwa niaba yako, yeye ni wakili, na mzigo ukiharibika njiani bila uzembe wake hasara ni ya mwenye pesa. Ugomvi mwingi wa koo huanzia hapa, kila mmoja akiwa na mkataba wake kichwani.

Kuhusu duka lenyewe: wenye fremu hupenda kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na hiyo inaweza kumeza mtaji kabla hujauza kilo moja. Kama una baraza nyumbani, anzia hapo. Maharage nunua kidogokidogo, wadudu hawakawii, na mavuno mapya yakiingia sokoni bei hushuka ukiwa na mzigo wa bei ya juu. Majirani watakuja kukopa. Weka kiwango usichokivuka, kwa sababu unachokopesha ni mali ya yatima. Na duka likiyumba usiende kwa hawa wakopeshaji wa kausha damu. Ni riba, na huchukua hadi kitanda.

Uswali istikhara pia, sala ya kumwomba Allah akuchagulie lenye kheri, baada ya hesabu. Na kama mahakama ya mwanzo haijateua msimamizi wa mirathi, anza na hilo kabla hujamkabidhi shemeji shilingi yoyote.

Wallahu a'lam.