Shangazi, nilimzuia mume wangu kusaini Orlando, sasa ananinunia

*Shikamoo Shangazi. Tunaishi Columbus, Ohio, mwaka wa tisa huu. Mimi ni muuguzi msaidizi, mume wangu anaendesha lori la masafa marefu, na Mungu ametujalia watoto watatu. Shule zilipofunga mwezi wa tatu tuliendesha gari mpaka Orlando. Huko tukaambiwa tutapata tiketi za watoto kwa bei ya chini tukikubali kusikiliza maelezo ya dakika 90 kuhusu taimshea, yaani unanunua wiki yako ya kukaa kwenye hoteli ya kitalii kila mwaka. Dakika 90 zikawa saa nne. Watoto walipelekwa chumba cha michezo, sisi tukaletewa juisi, akaja meneja, akaja na bosi wa meneja. Bei ikashuka kutoka dola 38,000 hadi 23,000: tutoe 2,300 siku hiyohiyo, zilizobaki tulipe kwa miaka 10 kwa riba ya asilimia 15, na kila mwaka ada ya matunzo dola 1,150. Mume wangu akashika kalamu. Mimi nikasema kwa Kiingereza, kusudi muuzaji asikie: "Huyu anatapeliwa na hajui." Tukaondoka bila kusaini.*

*Huu ni mwezi wa pili sasa hatuongei vizuri. Anasema nilimvunjia heshima, na kwamba kulala hotelini ni kutupa pesa wakati kile kingekuwa chetu na watoto wangerithi. Muuzaji bado anampigia, na amemwahidi bei ileile tukirudi Juni. Mwenzangu kazini anasema tujiunge na hoteli za pointi, zile ambazo ukilala unapewa pointi za kulipia usiku mwingine, tutalala bure. Mume wangu anasema huo ni utapeli uleule kwa jina lingine. Mkweli ni nani? Mke wa dereva, Ohio.*

Marahaba, mwanangu. La hesabu nitalijibu, tena kwa urefu, maana nilikaa mapokezi ya hoteli Dar es Salaam miaka 11 kabla ya kazi hii na mambo ya pointi yalipita mikononi mwangu kila siku. Ila kwanza tumalize la Kiingereza.

Nyumbani kwenu mnaongea Kiswahili. Ungeweza kumgusa mkono ukamwambia, "Baba watoto, tutoke nje kidogo," na yule muuzaji asingeambulia neno. Badala yake ukachagua lugha ya muuzaji, ukamsema mumeo kama mtu ambaye hayupo. "Huyu." Kuhusu mkataba ulikuwa sahihi kabisa, lakini ulimwaibisha mwenzio mbele ya mtu baki, na naona ndiyo maana mpaka leo anautetea ule mkataba kwa nguvu zote. Ukimwekea hesabu mezani leo usiku, atasikia tena "hajui". Kwa hiyo mwombe radhi. Akirudi safari, akishaoga na kula, mwambie ulikosea kumsema vile mbele ya watu. Usiweke "lakini" nyuma yake, wala usiitaje Orlando siku hiyo. Hesabu zisubiri siku mbili tatu.

Haya, zikishasubiri, fanyeni pamoja, kalamu aishike yeye.

Dola 20,700 kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 10 ni kama dola 334 kila mwezi. Mpaka deni liishe mtakuwa mmelipa takriban dola 40,000. Ongeza 2,300 mlizotanguliza. Ongeza ada ya matunzo ya miaka kumi, 11,500, na hapo nimeihesabu kana kwamba haitapanda, wakati ada hizi hupanda karibu kila mwaka na mwenye wiki hana pa kukatalia. Jumla inafika karibu dola 53,900. Kwa pesa hizo mtakuwa mmelala Orlando usiku 70. Gawanya: dola 770 kwa usiku mmoja.

Sasa chukueni chumba cha dola 250 kwa usiku, chenye jiko na kitanda cha sofa kwa ajili ya watoto. Wiki moja ni 1,750. Miaka kumi ni 17,500. Tofauti inazidi dola 36,000. Mume anayesema hoteli ni kutupa pesa anastahili kuiona tofauti hiyo kwa mwandiko wake mwenyewe.

Hicho anachokiita "chetu" kina hati kweli, na hapo usimbishie. Florida taimshea nyingi huja na hati inayosajiliwa kama ya nyumba. Ila nyumba ukichoka nayo unaiuza. Wiki hizi, mwenye nazo akitaka kuziuza, mara nyingi hapati mnunuzi. Tafuteni kwenye eBay mtaona watu wanazitoa kwa dola moja ili tu mwingine abebe ile ada. Na mikataba mingi haina mwisho. Anaposema watoto watarithi, watakachorithi ni bili ya kila mwaka, ingawa sheria inawaruhusu kuukataa urithi huo. Uchungu wa kujitoa ni mkubwa kiasi kwamba umezaa matapeli wa aina nyingine, wanaowapigia wenye wiki na kuwaambia "tumekupatia mnunuzi, tuma ada kwanza". FBI imetoa tahadhari kwamba baadhi yao wana uhusiano na magenge ya dawa za kulevya ya Mexico.

Wapo wanaofaidika, sitaki kumdanganya mtu. Mstaafu anayependa pwani ileile kila Februari, aliyenunua mkononi mwa mtu kwa bei ya kutupa na kulipa taslimu, huyo huenda anafurahi. Ninyi si huyo. Ninyi mna dereva ambaye ratiba yake inapangwa na ofisi, na muuguzi anayegombania likizo na wenzake wodini.

Kuna jambo ambalo bila shaka hamkuambiwa mle chumbani. Vyumba kama vile mlivyotembezwa hukodishwa kwa usiku pia. Nyingi ya hoteli za Marriott Vacation Club na Hilton Grand Vacations, ambazo ni za taimshea, unaweza kuzikuta kwenye tovuti za Marriott na Hilton zenyewe, ukalala usiku tatu na kuondoka, bila hati wala deni. Na hayo majina yasiwachanganye. Kampuni inayouza wiki za Marriott ilitenganishwa na kampuni ya hoteli mwaka 2011, ile ya Hilton mwaka 2017. Jina la mlangoni wanalitumia kwa makubaliano. Kwa hiyo mtu akikwambia uaminifu wa hoteli kubwa uko nyuma yake, jueni mnasaini na kampuni nyingine.

Nije kwa mwenzako wa kazini, ambaye naye ameongeza chumvi. "Mtalala bure" si kweli kwa familia inayosafiri mara moja kwa mwaka. Hoteli nyingi za Marriott zinakupa pointi 10 kwa kila dola. Zile zenye jiko kama Residence Inn, ambazo ndizo zingewafaa, zinatoa 5. Wiki yenu ya dola 1,750 pale inaleta pointi 8,750. Kwa ninavyozithamini, ni kama dola 60. Ni ile nyongeza ya muuza nyanya, anakuhesabia fungu lako kisha anakutupia mbili juu. Unashukuru unaondoka. Hakuna anayekwenda sokoni kwa ajili ya nyongeza.

Mumeo lakini anakosea akiiita utapeli, na yeye ndiye wa kwanza kulijua hilo, kwa sababu ni dereva wa lori. Muulize kwa upole: unapojaza dizeli kwenye vituo vikubwa vya barabarani, si wanakupa pointi, na kuoga bure? Alilipa kiingilio? Alisaini mkopo? Akihamia kituo kingine kesho, kuna atakayemdai? Hoteli ni vivyo hivyo. Marriott Bonvoy, Hilton Honors, World of Hyatt, hayo ndiyo majina ya uanachama wa pointi wa hoteli hizo, zote kujiunga ni bure na kuondoka ni bure. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko pointi zenyewe. Mwaka ambao gari limeharibika au mama kule nyumbani kalazwa, hamwendi Orlando, na hakuna barua ya ada inayokuja.

Mkijiunga, yapo mambo tuliyowaona wageni wakiyajutia pale mapokezi. La kwanza lililotuumiza hata sisi: mtu anafika na kadi yake mkononi, kumbe amelipia kupitia tovuti ya wakala, na mara nyingi chumba cha namna hiyo hakihesabiwi pointi. Lipieni kwenye tovuti ya hoteli yenyewe au programu yake, na namba ya uanachama iwemo. Jingine, pointi zinakufa. Kwa Marriott, Hilton na Hyatt, zikikaa miezi 24 bila kuguswa zinafutika. Na thamani yake inashuka: Marriott iliondoa jedwali lake la bei za pointi mwaka 2022, sasa chumba kimoja leo kinaweza kudai pointi nyingi kuliko juzi. Kwa hiyo msizitunze kama akiba ya watoto. Zikifika za kutosha, lalieni. Marriott mkilipia usiku tano mfululizo kwa pointi mnatozwa nne tu, na hapo ndipo nyongeza inapoanza kuonekana.

Kadi za mkopo za hoteli nitazisema kwa kifupi, kwa sababu mwenzako atakuletea hizo kesho. Zinaleta pointi haraka kweli. Kama kuna mwezi hata mmoja mnashindwa kulipa salio lote, ziacheni. Riba ya zaidi ya asilimia 20 inaimeza nyongeza yote na fungu lenyewe.

Kampuni ipi? Tazameni mnakolala kweli, msitazame mnakotamani. Ninyi kila mwaka mnalala usiku mmoja njiani kwenda Florida, na huko Hampton Inn za Hilton zinatoa kifungua kinywa bure, ambacho kwa watoto watatu wenye njaa kina thamani kuliko pointi. Kisha Orlando. Kisha, kila baada ya miaka kadhaa, Tanzania. Dar es Salaam kuna DoubleTree ya Oyster Bay, ni ya Hilton. Kuna Hyatt Regency pale ilipokuwa hoteli ya Kilimanjaro ya zamani. Arusha kuna Four Points iliyo chini ya Marriott. Zanzibar kuna Park Hyatt pale Shangani. Mtalala humo usiku mmoja wa uchovu wa ndege, baada ya hapo ni kwa mama mkwe, na huko pointi hazijafika. Mimi ningewaambia Hilton, kwa sababu ya Hampton tu. Na popote mtakapokwenda, ulizeni kwanza kama chumba kinapokea watu watano. Vingi vinaishia wanne, na mtajikuta mnalipia viwili. Habari njema ni kwamba tangu Mei 2025 hoteli Marekani zinalazimika kuonyesha bei ikiwa na ada zote za lazima tangu mwanzo, ile tabia ya kuongezewa ada ya rizoti mwishoni imebanwa. Maegesho bado muulize.

Narudi kwa mumeo, kwa sababu neno lake moja halijaniacha: chetu. Amekaa miaka tisa katika nchi ya watu, analala kwenye kiti cha lori, na mtu aliyevaa vizuri akamwambia kwamba kuna mlango mmoja Florida ambao ungekuwa wake. Mimi simcheki kwa kutaka hivyo, wala wewe usimcheke. Mwambie unataka kitu chenu kama yeye anavyotaka. Kisha zichukueni zile dola 334 ambazo mngempa muuzaji kila mwezi, mziweke akaunti moja mtakayoifungua pamoja. Kwa mwaka ni dola 4,008. Toeni 1,750 za wiki ya watoto Orlando, kila mwaka bila kukosa, maana kile alichotaka kununua ni hiyo wiki ya baba kuwa nyumbani na watoto wake. Zinabaki zaidi ya 2,200 kila mwaka, nazo zielekee kwenye nyumba ya Ohio au kiwanja nyumbani, mchague ninyi.

Simu za muuzaji azimalize yeye mwenyewe. Usimnyang'anye simu.

Na ikiwa Juni itafika na akasaini, labda kwa sababu barua hii ilichelewa au hamkuelewana, usilie wala usimpigie dada yako kwanza. Sheria ya Florida inampa mnunuzi siku 10 za kalenda kuvunja mkataba na kurudishiwa pesa zote, kuanzia siku ya kusaini au siku aliyopokea hati ya mwisho, ile itakayochelewa. Hakuna muuzaji anayeweza kumfanya aiache haki hiyo, hata kwa saini. Nevada ni siku 5 tu, California 7, kwa hiyo wakimhamishia mkutano Las Vegas, iliyo Nevada, muda unakuwa mfupi zaidi. Barua iandikwe, wote mliosaini msaini, ipelekwe posta kwa rejista kwenye anwani iliyo ndani ya mkataba, na risiti ya posta mhifadhi. Kupiga simu hakutoshi. Siku ya kwanza ya kuhesabu ni kesho yake, na Jumapili zinahesabiwa.