Catalina Yangu Sasa Inaelea

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Kisumu, anayechora ndege za simuleta kama mimi, yaani za ule mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta. Aliandika: "Kaka, nimechora ndege ya maji miezi minne. Kila nikiiweka ziwani inazama hadi madirishani, halafu inaruka juu kama imepigwa teke. Nimechoka. Nataka kuifuta."

Nilikuwa nimeshalala. Niliinuka nikawasha kompyuta, maana maneno hayo ningeweza kuyaandika mimi mwenyewe miaka miwili iliyopita, hata hilo la kutaka kufuta. Nikaanza kumjibu kwa mistari mitano, ikawa kumi, mwishowe nikaona afadhali niyaandike hapa ili na wengine wayapate.

Mimi ni mtu wa Lindi. Babu yangu aliniambia tangu nikiwa mdogo kwamba aliwahi kuona ndege zikitua majini pale kwenye ghuba yetu, na kwa muda mrefu nilidhani ni hadithi ya wazee. Nilipokua nikasoma, nikakuta ni kweli tupu. Kuanzia mwaka 1937 ndege za Short Empire za shirika la Imperial Airways zilikuwa zikitoka Uingereza hadi Durban kwa kuruka kutoka maji hadi maji: Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, kisha Msumbiji na kuendelea kusini. Babu alikuwa mtoto wa shule. Alisema ndege ikigusa maji ilipasua povu jeupe pande zote mbili, kisha ikapunguza mwendo, ikakaa kimya kama bata. Hilo neno "ikakaa" ndilo lililonitesa baadaye.

Nilichagua kuchora Catalina, ndege ya maji ya wakati wa Vita Kuu ya Pili, ile PBY-5A yenye magurudumu pia, kwa sababu nilitaka kitu kimoja tu katika maisha yangu ya simuleta: niruke kutoka majini pale ghubani, nizunguke juu ya mji, nitue kwa magurudumu uwanja wa Kikwetu. Catalina za vita zilipita pwani hii pia, zikisaka nyambizi Bahari ya Hindi, kwa hiyo sikuona kama naleta mgeni. Nilitumia simuleta ya FSX (Flight Simulator X), ya mwaka 2006, kwa sababu ndiyo kompyuta yangu inayoimudu. Habari za kuchora umbo lake kwa Blender, programu ya michoro, nitaziruka. Ilichukua miezi saba na haikuwa na jambo la kusimulia zaidi ya macho kuuma.

Siku niliyoiweka majini kwa mara ya kwanza, nilimwita mke wangu aje aone. Ndege ilizama mpaka madirishani. Hakusema kitu. Aliniwekea mkono begani akarudi jikoni.

Sikiliza, mdogo wangu wa Kisumu, hapa ndipo kosa la kwanza lilipo, na nina hakika na wewe umo humo. Simuleta haioni mchoro wako. Hata ukichora tumbo la ndege likawa zuri kuliko la kiwandani, kwake ni picha tu. Inachosoma ni orodha ya nukta za mguso, yaani mahali ndege inapogusa maji au ardhi, ndani ya faili la aircraft.cfg, kila nukta kwa mstari wake. Namba ya kwanza ya mstari inasema nukta ni ya aina gani: 1 ni gurudumu, 2 ni sehemu ya kukwaruza kama ncha ya bawa, 4 ni boya, 5 ni usukani wa majini. Tatu zinazofuata zinasema nukta iko wapi: mbele au nyuma, kulia au kushoto, juu au chini. Na vipimo hivyo ni futi. Blender yangu ilikuwa ya mita. Mkuku wa ndege yangu, ule uti wa chini ya tumbo, ulikuwa mita 2.1 chini ya katikati, nami nikaandika -2.1 nikijiona fundi. Ilitakiwa iwe -6.9. Kwa hiyo simuleta iliishikilia ndege kwenye nukta zilizokuwa juu kabisa, karibu na usawa wa madirisha, na sehemu yote ya chini ikawa ndani ya maji. Ndege haikuzama. Ilikaa pale nilipoiambia ikae.

Nilirekebisha. Ikapanda. Ikaanza kurukaruka kama pomboo, ikilala huku, ikilala kule, mpaka inajipindua yenyewe bila hata kuwasha injini.

Hapo nilifanya jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Nilirekodi video nikaiweka kwenye kundi letu la watu wa simuleta nikiomba msaada. Mmoja wa wale wanaoheshimika mle aliandika kwamba asiyejua fizikia aachane na ndege za maji, akachore mabasi. Watu wakacheka. Video yangu ikasambazwa na wimbo juu yake. Sikujibu. Nilifunga kompyuta na sikuifungua faili ile wiki sita. Wanaosema maneno ya mtandaoni hayaumi hawajawahi kukaa miezi saba na kitu kimoja mikononi mwao.

Kilichonirudisha ni safari ya nyumbani. Nilimkuta mjomba wangu ufukweni akifunga upya mirengu ya ngalawa yake, vile vibao viwili vya pembeni. Nilikaa naye mchana kutwa. Nilimwuliza kwa nini haiteremshi ikae ndani ya maji pande zote mbili, si ndiyo ingetulia zaidi? Akanijibu bila kuinua macho: "Chombo kinabebwa na tumbo lake. Mrengu unakingojea kikilala."

Nilisimama pale pale. Catalina ni ngalawa. Ina tumbo moja katikati na maboya mawili madogo kwenye mabawa, na mabawa yake yana upana wa futi 104. Mimi nilikuwa nimeyaweka maboya ya mabawani kwenye kina kimoja na tumbo, nikayapa nguvu ile ile. Ndege ilikuwa inabebwa na ncha zake. Upande mmoja ukibonyea hata kidogo, boya lililo mbali namna ile linausukuma juu kwa nguvu kubwa, upande wa pili unazama, nao unasukuma, ndiyo ngoma haiishi.

Niliporudi mjini nilifuta nukta zote nikaanza upya kwa namna ya fundi wa ngalawa. Kwanza uzito. Catalina kamili inaweza kuruka na pauni 35,420, na faili langu lilikuwa na uzito niliouokota kwenye ndege nyingine. Kila hesabu ya kuelea iliyofuata ilikuwa uongo kwa sababu hiyo. Kisha kitovu cha uzito. Kisha tumbo: nukta mbili omoni, yaani mbele, mbili kwenye kile kidato kilichokatwa chini ya tumbo, moja tezini, yaani nyuma. Zile za jozi nilizitenganisha, moja futi mbili na nusu kulia, nyingine kushoto, kwa sababu nukta zikipangwa zote kwenye mstari wa mkuku ndege haina pa kuegemea. Kidato nikakiweka nyuma kidogo ya kitovu cha uzito. Kikiwa mbele yake, ndege inakalia mkia. Kikiwa nyuma mno, utavuta usukani mpaka mkono uchoke na pua haitainuka. Maboya ya mabawani nikayaweka ya mwisho, robo tatu futi juu ya usawa wa maji, yangoje.

Halafu kuna namba mbili ambazo nilikesha nazo. Ya tisa kwenye mstari ni ya kubonyea: nukta itazama futi ngapi ndege ikiwa imetulia na uzito wake. Simuleta hii haipimi ujazo wa maji yaliyosukumwa na tumbo. Kila boya kwake ni springi tu, na uso wa maji ni kama sakafu. Ukiweka kubwa, ndege inazama. Ukiweka ndogo mno, inadunda kama sufuria juu ya simenti. Mimi nilianza na 3, nikashuka hadi 0.2, nikaishia 1.1. Ya kumi na moja ni ya kutuliza, kati ya 0 na 1. Hiyo ndiyo inayoua kurukaruka. Yangu ilikuwa 0.1. Leo ni 0.75.

Badilisha namba moja, jaribu, andika kwenye daftari. Badilisha namba moja, jaribu, andika. Najua unataka nikupe siri nyingine lakini ni hiyo. Nilijaza kurasa thelathini na moja. Ukibadilisha mbili kwa pamoja hutajua ipi iliyokuponya na ipi iliyokudhuru, na vijana wengi ninaowaona wanabadilisha kumi kisha wanalaumu simuleta.

Magurudumu nayo usiyasahau, maana ndiyo yanayoifanya ndege ya nchi kavu na majini iwe ngumu kuliko ya majini tu. Namba ya kumi na mbili na ya kumi na tatu ni sekunde za kuyateremsha na kuyakunja. Ukiacha sifuri, simuleta inahesabu kwamba yamesimama chini daima hata kama kwenye picha yamekunjwa. Halafu kuna static_cg_height, kimo cha kitovu cha uzito ndege ikiwa imesimama. Kipo kimoja tu kwenye faili, wakati ndege yako ina vimo viwili, cha magurudumu na cha maji. Mimi nilikipima kwa magurudumu, nikakubali kwamba nikiianzishia majini itashtuka kidogo kabla ya kutulia. Hilo teke unaloliona wewe huenda ni hilo, kama linatokea mara moja tu. Kama linaendelea, rudi kwenye namba ya kumi na moja.

Mwezi uliopita niliruka kutoka ghuba ya Lindi saa kumi na mbili na robo asubuhi ya simuleta. Povu lilipasuka pande mbili, pua ikainuka, tumbo likapanda juu ya kidato, na boya la kushoto likagusa maji mara moja tu likaachia. Nilitua Kikwetu kwa magurudumu. Nilirudi, nikatua majini, nikazima injini zote mbili, na ndege ikakaa. Nilimpigia simu mama nikamwambia, naye akasema laiti babu angekuwepo.

Wiki mbili baadaye nikaona Catalina nyingine kwenye lile kundi. Nukta zake zilikuwa zangu, hadi ile robo tatu futi. Jina langu halikuwepo, na aliyeileta ni yule yule wa mabasi. Nimekaa na hilo jambo siku nyingi. Sitamtaja. Lakini nawaambia ninyi mnaoanza: ukichukua namba za mtu, andika jina lake kwenye faili, hata kama umezibadilisha. Kuna usiku wa mtu ndani ya kila namba. Na ninyi mnaojua, msimcheke anayeuliza. Sisi tunaofanya mambo haya kwa Kiswahili ni wachache mno kufukuzana, na ndege za kwetu hakuna mwingine atakayezichora kama si sisi.

Kijana wa Kisumu, usifute. Weka nakala ya faili lako, kisha nitumie mistari yote ya nukta pamoja na uzito wako. Ukishaelea, usishangae ndege ikikawia kunyanyuka: Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini haivuti kama inavyovuta kwetu pwani. Utahitaji maji marefu zaidi. Anza kukimbia ukitokea upande wa Dunga, elekea magharibi, uache ghuba yote iwe mbele yako.