Anayeanza kusoma mwisho wa zama za kale na aanzie Bahari ya Shamu

Anayeanza kusoma historia ya mwisho wa zama za kale, yaani karne zilizo kati ya Diocletianus, aliyeshika dola la Roma mwaka 284, na kuenea kwa Uislamu katika karne ya 7, kwa kawaida huelekezwa Roma kwanza. Nami nilianzia huko. Kwa mwaka mzima nilikariri makaisari mpaka nikawajua kwa ghibu: Constantinople, yaani Istanbul ya leo, ilizinduliwa mwaka 330, Alaric, mfalme wa Wagoth, aliipora Roma mwaka 410, na mwaka 476 kaisari wa mwisho wa magharibi akavuliwa madaraka. Siku niliyoulizwa Warumi hao walikuwa na shughuli gani na Yemen, nilinyamaza, kwa sababu orodha yangu ilikuwa haina bahari ndani yake.

Msomaji wa Kiswahili haji mikono mitupu katika somo hili, na ninasikitika kwamba ilinichukua muda mrefu kuligundua jambo hilo. Aliyepita chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani amekwisha kusikia habari za Najashi aliyewapokea Waislamu wa mwanzo, na za Abraha, mtawala wa Yemen, ambaye masimulizi ya tafsiri ya Kurani humtaja kuwa ndiye mwenye jeshi la tembo lililoiendea Makka. Najashi ni cheo cha wafalme wa Aksum, katika nyanda za juu za Ethiopia na Eritrea ya leo. Aliyewahi kusikia Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, anamjua Herekali, ambaye si mwingine ila Heraclius, kaisari aliyetawala Constantinople kuanzia mwaka 610 hadi 641. Kwa hiyo ninawashauri wageni wa somo hili waanzie pale ambapo majina hayo yanakutana, kwenye Bahari ya Shamu, ndipo wapande kaskazini kwenda Roma na Uajemi wakiwa na swali la kuuliza.

Hata hivyo, kulijua jina ni jambo moja na kuwa na ushahidi ni jingine. Utenzi ule unasimulia vita vikubwa kati ya Waislamu na majeshi ya Herekali, ilhali masimulizi ya kale ya Kiarabu kuhusu safari ya Tabuk ya mwaka 630 yanasema jeshi lilirudi bila kupigana. Mtunzi hana kosa lolote. Alikuwa akitunga kwa ajili ya watu wa Pate, zaidi ya miaka elfu moja baadaye, na utenzi wake ni ushahidi mzuri kabisa wa Pate ya karne ya 18. Kosa ni letu tukiutumia kama habari za Shamu ya karne ya 7. Tangu hapo nilichora safu tatu katika daftari langu: tukio lilitokea lini, maneno yaliandikwa lini, na nakala ya zamani zaidi tuliyonayo ni ya lini. Kila chanzo ninachokisoma hadi leo hupita kwanza katika safu hizo, hata kama ninakijua vizuri.

Mchukue Abraha. Kuna maandishi yake yaliyochongwa katika jiwe huko Marib, Yemen, kwa Kisabai, lugha ya kale ya huko, yenye tarehe ya mwaka 657 wa kalenda ya Himyar, ufalme wa kale wa Yemen, ambao ni 547 au 548 kwa hesabu yetu. Hapa safu zote tatu zinakaribiana sana, kwa kuwa jiwe lenyewe ndilo nakala. Abraha anajitaja kuwa mfalme, anaanza kwa kumtaja Rahmanan, yaani Mungu Mwenye Rehema, na Masihi wake, kisha anaeleza uasi alioukabili, bwawa kubwa la Marib lililobomoka, maradhi yaliyowaingia watu hata akalazimika kuwapa ruhusa warudi makwao, na chakula kilichotumika katika ukarabati. Anawataja pia wajumbe waliomfikia kutoka kwa Najashi, kwa Warumi na kwa Waajemi. Ukitoka hapo ukamsoma Procopius, mwanahistoria wa Kigiriki wa wakati uleule, utaambiwa kwamba mtu huyo aliwahi kuwa mtumwa wa Mrumi mmoja aliyekuwa na shughuli za meli huko Adulis. Usiharakishe kuchagua mmoja na kumtupa mwingine. Mfalme hachongi utumwa wake katika jiwe, na mwandishi aliye karibu na jumba la kaisari hana sababu ya kumkweza mtu aliyejitwalia ufalme ng'ambo. Kadhalika, jiwe la bwawa halimtaji tembo wala Makka, lakini hesabu ya ujenzi si mahali ambapo tungetazamia kuvikuta, kwa hiyo kimya chake kisifanywe hoja kwa upande wowote.

Adulis hiyo, bandari ya Aksum katika pwani ya Eritrea ya leo, ndiyo iliyonifedhehesha. Mfanyabiashara mmoja Mgiriki, anayejulikana kwa jina la Cosmas, alifika hapo mwanzoni mwa utawala wa Justinus, aliyetawala kuanzia 518 hadi 527, wakati mfalme Kaleb wa Aksum alipokuwa akijiandaa kuvuka bahari kupigana na Himyar. Aliombwa kunakili maandishi ya Kigiriki yaliyokuwa juu ya kiti cha enzi cha marumaru na juu ya bamba la jiwe lililokuwa nyuma yake. Bamba lilikuwa la Ptolemaios wa 3, aliyetawala Misri katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na kiti kilikuwa cha mfalme wa Aksum aliyeishi karne kadhaa baadaye. Cosmas alidhani kiti kinaendeleza maneno ya bamba, akayaunganisha yote na kumpa Ptolemaios vita ambavyo hakuvipigana kamwe. Nami katika insha yangu ya kwanza nilimfuata kwa utiifu, nikamwandika mfalme mmoja mwenye umri wa karne nyingi. Mwalimu wangu aliandika pembeni maneno mawili tu, "mawe mangapi?" Lakini pamoja na kosa lake, tusisahau kwamba bila daftari la Cosmas tusingekuwa na neno hata moja la kiti kile.

Kuhusu tarehe nitasema kwa ufupi. Hati za Misri za karne hizo mara nyingi hutaja mwaka wa indiktio, ambao ni mzunguko wa kodi wa miaka 15, bila kusema ni mzunguko wa ngapi. Mwaka wa 7 wa indiktio peke yake haukupi karne, na usiugeuze kuwa mwaka wa Kristo mpaka upate jina la kaisari, la konsuli, yaani ofisa mkuu wa Roma ambaye mwaka ulitajwa kwa jina lake, au kitu kingine cha kuushikilia.

Kuhusu lugha, wengi watakuambia Kigiriki kwanza, na sina ugomvi nao. Ila mwenye Kiarabu cha madrasa asikidharau: nyumba ni bayt kwa Kiarabu, bayta kwa Kisiria, lugha ya kale ya Wakristo wa Shamu, na bet kwa Kigeez, lugha ya kale ya Ethiopia, na mizizi ya namna hiyo itamfungulia maandishi ambayo wengi wanaosoma Roma huyapita bila kuyagusa.

Zoezi la kwanza ninalompa kila anayeanza ni la Cosmas huyohuyo, aliyeandika kitabu chake karibu mwaka 550, na ambaye nakala yake ya zamani zaidi ni ya karne ya 9. Anaitaja nchi ya Zingion, upande wa kusini wa nchi ya ubani, jina ambalo sikio la Mswahili hulitambua mara moja, kwa kuwa linafanana na Zanj, jina la kale la pwani yetu. Anasimulia kwamba chombo chao kilipokaribia upande huo waliona kundi la ndege wakubwa, hali ya hewa ikachafuka, na mabaharia pamoja na abiria wakampigia kelele mshika usukani ageuze chombo wasije wakavutwa na mkondo wa bahari kuu. Isome habari hiyo ukiwa na kalamu mkononi, upige mstari chini ya alichokiona yeye mwenyewe, kisha mistari miwili chini ya alichokisikia kwa mabaharia, na uangalie Zingion imeangukia wapi.